Maswali ya Wasomaji: Miche Iliyokufa Jomvu, Kuni za Likoni na Mchanga Unaohama Shanzu

Barua za mwezi huu karibu zote zimetoka kandokando ya maji. Nimechagua tano. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu kuliko zile nyingine, kwa sababu swali lake limekuwa likinirudia tangu mwaka jana kwa sura mbalimbali, na kwa sababu safari hii nilivua viatu nikaenda kujionea.

SWALI: Sisi ni kikundi cha vijana 32 wa Jomvu Kuu. Mwaka juzi tulipanda miche 3,000 ya mikoko kwenye tope lililo wazi mbele ya kijiji, katika hori ya Tudor, ule mkono wa bahari. Wafadhili walikuja, picha zikapigwa, tukapewa fulana. Leo haijabaki hata miche mia moja. Wazee wanasema mahali pale pana mkosi, wengine wanasema ni maji machafu. Tuliahidiwa pia fedha za kaboni, yale malipo ya hewa ya ukaa inayofungwa na miti, nazo hatujaziona. Tulikosea wapi, na je, tupande tena masika yakianza? (Katibu wa kikundi, Jomvu Kuu)

JIBU: Ndugu Katibu, nilifika kwenu siku ya pili baada ya mwezi mpevu, mnamo saa nne na nusu asubuhi, wakati maji ya bamvua, yale yanayojaa na kupwa kuliko ya siku nyingine, yalipokuwa yamekupwa hadi mwisho. Mistari yenu bado inaonekana. Vijiti vimesimama hatua moja moja kama askari wa gwaride, na kila kimoja kimevaa makombe madogo magumu, yale yale yanayoshika chini ya mashua, kuanzia kwenye tope hadi shubiri moja na nusu juu. Niling'oa kimoja. Mzizi ulikuwa mweusi, umeoza, unanuka kama yai viza. Kisha nikatembea kuelekea nchi kavu, hatua kama sabini, hadi penye mililana michache mikongwe iliyobaki, na pale, katikati ya chupa za plastiki na kandambili zilizokatika, nikakuta miche ambayo hakuna mtu aliyeipanda: michanga, minene, yenye majani manne manne, wala haina hata kombe moja. Niliihesabu hadi 140 nikaacha, kwa kuwa maji yalikuwa yameanza kurudi.

Jibu la swali lenu limo katika hatua hizo sabini. Mikoko si mimea ya baharini. Ni miti ya nchi kavu iliyojifunza kuvumilia chumvi, na bado inahitaji kuvuta hewa kila siku kwa mizizi yake. Huishi katika ukanda mwembamba ulio kati ya usawa wa katikati wa bahari na mahali pa mwisho panapofikiwa na maji ya bamvua. Hapa Mombasa, ambako tofauti ya maji kujaa na kupwa wakati wa bamvua hupita mita 3, ukanda huo unaweza kuonekana mpana sana mtu akiutazama maji yamekupwa, na hapo ndipo macho hudanganyika. Tope lililo wazi mbele ya msitu kwa kawaida liko wazi kwa sababu liko chini mno. Mche ukitiwa pale hukaa ndani ya maji saa nyingi kila siku, mawimbi huuyumbisha kabla haujashika, makombe huulemea, na mwishowe hufa kwa kukosa pumzi. Kwa hiyo wazee wenu waulizeni swali jingine badala ya lile la mkosi: je, pale palipata kuwa na mti? Kama panapo visiki, au kama yupo anayekumbuka kukata kuni mahali pale, basi patafaa tena. Kama hakuna anayekumbuka hata mti mmoja, hapo hapakuwa na msitu wa kurudishwa.

Jambo la pili ni aina ya mti. Kenya ina aina tisa za mikoko, na kila moja ina kitongoji chake. Unapotoka baharini kuelekea nchi kavu hutangulia mlilana, kisha mkoko wenyewe wenye mizizi kama miguu ya kaa, kisha muia na mkandaa, halafu mchu, ambao huvumilia chumvi kali kuliko wenzake na kwa sababu hiyo huonekana pia mahali pengine usipoutarajia. Kikandaa hukaa nyuma kabisa, karibu na majani ya nchi kavu. Ninyi mlipanda mkoko mtupu. Sababu yake naielewa, kwa kuwa ndio mti wanaoupenda wote wapangao shughuli za siku moja: tunda lake refu huota likingali juu ya mti, huokotwa kwa urahisi, na hupandwa kwa kuchomekwa tu kwenye tope bila kitalu wala mfuko. Hata hivyo mkoko uliochomekwa mahali pa mlilana ni mgeni aliyekalishwa mlangoni. Isitoshe, tunda lisilokomaa huoza. Lililokomaa hujulikana kwa ile pete ya rangi ya manjano inayotokea pale linaposhikana na kichwa chake, na katika picha mlizonitumia niliona matunda mengi ya kijani tupu, yaliyochumwa mtini kwa haraka ili idadi itimie kabla ya wageni kufika.

Msijione kwamba mmekosea peke yenu. Baada ya tsunami ya Desemba 2004, mikoko ilipandwa kwa wingi nchini Sri Lanka kwa fedha za misaada kutoka kila upande. Watafiti walipochunguza baadaye mahali 23 palipopandwa, walikuta kwamba katika mahali 9 haukusalia hata mche mmoja, na sababu kubwa ilikuwa hii hii ya kupanda pasipofaa. Mimi sina ugomvi na fulana wala picha, ila nimeanza kuamini kwamba shughuli inayopimwa kwa idadi ya miche iliyotiwa topeni siku ya sherehe itaendelea kuzaa vijiti, kwa sababu hakuna anayelipwa kurudi mwaka wa tatu kuhesabu iliyo hai.

Sasa la kufanya. Msipande masika haya. Chukueni vigingi au vijiti virefu kumi, vipakeni chokaa, mvisimike kuanzia kwenye mililana mikongwe hadi kwenye tope la chini, kisha kwa mwezi mmoja mzima, bamvua mbili na maji mafu mawili (yale yasiyojaa wala kupwa sana), andikeni kila siku maji yamefika wapi na yamekaa muda gani. Jedwali la maji kujaa na kupwa hutolewa na Mamlaka ya Bandari ya Kenya, nalo litawasaidia kujua saa za kwenda. Tope linalofikiwa na maji kwa muda sawa na lile lililo chini ya miti iliyo hai ndilo shamba lenu. Nadhani mtagundua kwamba shamba hilo ni pale pale penye ile miche 140, na kwamba kazi inayotakiwa si kupanda bali ni kuondoa kinachoizuia. Zoeni plastiki. Niliona mchu mmoja ambao vijiti vyake vya kupumulia, vile vinavyochomoza topeni kama penseli, vimefunikwa kabisa na magunia na nepi. Mti wa namna hiyo unakabwa koo. Kuna pia kijito kidogo kilichozibwa na kifusi cha ujenzi, na nyuma yake maji yamesimama yakawa ya chumvi kali, miti imekauka imesimama. Mkikifungua kijito hicho kwa majembe, maji yatarudi na kutoka kama zamani, na yataleta mbegu yenyewe bila mfadhili. Kabla ya kugusa chochote nendeni ofisi ya Huduma ya Misitu ya Kenya mkapate kibali, kwa maana mikoko yote ya pwani hii ni msitu wa serikali tangu tangazo la mwaka 1932, hata ule ulio nyuma ya choo cha mtu.

Kuhusu maji machafu, wanaoyalaumu wana haki kwa kiasi. Mikoko huyavumilia kuliko tunavyoyavumilia sisi, wala sidhani kwamba ndiyo yaliyoua miche yenu. Ila hayo, pamoja na ukataji wa miti na udongo unaoporomoka kutoka mashambani, ndiyo yamelifikisha hori hapo lilipo. Utafiti wa picha za setilaiti ulionyesha kwamba kati ya 1992 na 2009 hori ya Tudor ilipoteza asilimia 86.9 ya mikoko yake, na Mwache asilimia 45.4. Huko Mwache sehemu kubwa ilikufa kwa pigo moja, pale mvua za El Niño za 1997 na 1998 ziliposhusha matope yakaifunika mizizi. Kwa hiyo mkitaka kuijua hatima ya mikoko ya Jomvu, tazameni pia milima ya Rabai na Mazeras inavyolimwa.

Limebaki la fedha. Mfano unaotajwa kila mahali ni Mikoko Pamoja wa Gazi, Kwale, ulioanza kuuza kaboni mwaka 2013 na kuwa wa kwanza duniani wa wanakijiji kufanya hivyo kwa mikoko. Unalinda hekta 117, unauza kiasi cha tani 3,000 za hewa ya ukaa kwa mwaka, na mapato yake yamepeleka maji ya bomba na vitabu vya shule katika vijiji vya Gazi na Makongeni. Ila angalieni kinachouzwa. Sehemu kubwa ya kaboni imo ndani ya tope chini ya msitu uliosimama, na kinachomlipisha mnunuzi ni ule ulinzi wa msitu huo usikatwe. Kabla ya kuuza tani ya kwanza, watafiti wa Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ya Kenya walikuwa wameshakaa Gazi zaidi ya miaka 20 wakipanda, wakipima na kukosea. Kikundi chenye nusu hekta ya vijiti hakina cha kuuza bado, na aliyewaahidi vinginevyo aidha hakujua au alijua. Mkijiunga na vikundi vya Mikindani na Tudor mkalilinda hori zima, mazungumzo yatakuwa mengine.

SWALI: Mimi ni mama karanga, nakaanga samaki Likoni mwaka wa kumi na tisa huu. Askari wa misitu walinikamata na mzigo wa kuni za mkandaa, nikalipa faini. Kuni hizo ndizo zinazoshika moto hata zikiwa mbichi kidogo, na mafuta hayapoi. Gesi ni ghali. Naambiwa naharibu bahari, na mimi kazi yangu ni ya hiyo hiyo bahari. Nifanye nini? (Mama Karanga, Likoni)

JIBU: Shikamoo mama. Kwanza nikupe haki yako: wewe na karai lako si chanzo cha maangamizi ya mikoko, na askari anayemkamata mwenye mzigo wa kichwani huku lori la nguzo likipita usiku hajaifanya kazi yake hata nusu. Mikoko ya pwani hii ilikatwa kwa karne nyingi kwa ajili ya ujenzi, hapa na Uarabuni, mpaka serikali ilipopiga marufuku kuuza nje mwaka 1982. Lugha yetu yenyewe inashuhudia: fito, pau, mazio, boriti, nguzo, banaa, kila jina likiwa ni kipimo cha unene wa mti, na vyumba vya nyumba kongwe za Mji wa Kale ni vyembamba kwa sababu upana wake ni urefu wa boriti. Huko Gazi miaka ya sabini, msitu ulifyekwa ili kuchomea chokaa na matofali. Hakuna mama karanga aliyefyeka msitu mzima.

Pamoja na hayo, mkandaa una tabia moja inayokugusa. Hukua polepole sana, na ukikatwa shina hauchipui tena kutoka kwenye kisiki kama ufanyavyo mchu. Kila mzigo ni miti iliyokwisha. Na chini ya miti hiyo ndipo wanapojificha kamba, kaa na vitoto vya samaki wanaokuja baadaye kuuzwa kwako kwa ndoo, hivyo unaponunua kuni hizo unakuwa unachoma mtaji wako mwenyewe pole pole, japo mtaji huo unaonekana kama wa mtu mwingine.

Ushauri wangu ni wa karaini. Vifuu vya nazi hushika moto mkali kuliko mkandaa, na makumbi hufaa kuudumisha. Nazi zikunwazo katika mikahawa ya Likoni na Mtongwe kwa siku moja zinatoa vifuu vingi ambavyo hutupwa au huuzwa kwa bei ndogo. Fanyeni akina mama watano au sita mkataba na mikahawa hiyo, mtu mmoja awe anakusanya. Pili, mawe matatu unayotumia, kama barua yako inavyoeleza, yanapeleka moto mwingi kwenye upepo kuliko kwenye karai. Jiko la udongo lililojengewa ukuta kuzunguka karai, likiachwa mlango mmoja wa kuni na tundu la moshi, linapunguza kuni kwa kiasi utakachokiona wiki ya kwanza. Tatu, mti wa mvinje. Mikoko Pamoja walipanda mivinje makusudi ili wanakijiji wapate nguzo na kuni bila kuingia mikokoni, na sasa wakulima wengi wa Kwale wanayo ya kuuza. Kuni zake ni ngumu, zina moto mzuri, na mwenye nazo hakamatwi njiani. Omba risiti.

SWALI: Nina nyumba ya wageni Shanzu. Kila Kusi ikivuma ufuo wangu unaliwa, na tangu jirani ajenge ukuta wa mawe miaka mitatu iliyopita unaliwa kwa kasi zaidi. Fundi amenipa makadirio ya ukuta kama wake. Je, nijenge? Na swali dogo: yale majani yanayorundikana ufuoni yakanuka, naruhusiwa kuyaondoa kwa trekta? (Mwenye nyumba, Shanzu)

JIBU: Ukijenga, jirani yako wa upande wa pili ndiye atakayeniandikia mwaka ujao. Wimbi likifika kwenye mchanga ulioinama hupanda, huchoka, hurudi polepole na kuacha mchanga njiani. Likikuta ukuta uliosimama wima hurudi na nguvu zake zote, huchimba mguu wa ukuta, na penye mwisho wa ukuta hupinda na kula ardhi ya jirani asiye na ukuta. Hicho ndicho unachokiona. Baada ya miaka kadhaa mwenye ukuta naye hubaki na ukuta bila ufuo, na wageni wake huoga kwenye bwawa.

Tofautisha na ukuta uliojengwa chini ya Fort Jesus. Pale palikuwa na mwamba wa matumbawe unaomong'olewa na maji, na juu yake jengo lililoorodheshwa na UNESCO mwaka 2011 ambalo haliwezi kusogezwa. Kwako ni mchanga, na mchanga wa Shanzu haukai. Kusi ikivuma, tangu mnamo Aprili hadi Septemba au Oktoba, mikondo husukuma mchanga kuelekea kaskazini. Kaskazi ikifika sehemu yake hurudi. Kabla ya kusema ufuo umepotea, simika vigingi vitatu upime mwaka mzima, Kusi na Kaskazi. Huenda ukakuta kwamba kinachokwenda Julai kinarudi Januari, isipokuwa pale kilipozuiwa na ukuta wa jirani.

Jambo ambalo wengi hawalifikirii ni mahali mchanga huo mweupe unapotoka. Haukushuka na mto. Ni vipande vya matumbawe, makombe na mwani wa chokaa, na sehemu yake ni choo cha pono, samaki ambaye hung'ata mwamba kwa mdomo wake wa kasuku, akala uhai uliomo na kuutoa mwamba ukiwa unga. Kwa hiyo mwenye hoteli anayetaka mchanga ana sababu ya kibiashara kabisa ya kutaka pono wasivuliwe wakaisha, ingawa sijapata kusikia jambo hilo likitajwa katika mkutano wa wenye mahoteli.

Kwa sasa acha mimea itambaayo yenye maua ya zambarau ishike mchanga mbele ya uwanja wako, sogeza vibanda nyuma, na uzungumze na majirani wote wa ufuo huo kwa pamoja. Ukuta wowote wa baharini unahitaji tathmini ya athari kwa mazingira na leseni ya NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira. Kama wa jirani ulijengwa bila hivyo, malalamiko yako yapeleke huko.

Majani yanayorundikana mengi si mwani bali ni nyasi za bahari zilizong'olewa na mawimbi. Trekta usiingize: hukandamiza mchanga, huchota mchanga pamoja na majani, na yakiwapo mayai ya kasa huyaponda. Waajiri vijana watoe plastiki kwa mkono, majani wayasogeze hadi mwisho wa ufuo kwa reki na kuyafukia kidogo. Yakikauka hayanuki, na yatakuwa ndiyo kinga ya bure uliyokuwa unataka kumlipa fundi.

SWALI: Malori yanamwaga udongo mikokoni usiku hapa Mikindani, kidogo kidogo, kisha pananyanyuliwa mabati. Nimwambie nani? (Mpangaji, Mikindani)

JIBU: Waambie watatu kwa barua moja: Huduma ya Misitu kwa kuwa ni msitu wao, NEMA kwa kuwa ni kujaza ardhi oevu, na kaunti kwa kuwa ni taka. Andika tarehe, saa, namba ya lori na mahali penyewe, weka picha, na ubaki na nakala iliyogongwa mhuri wa kupokelewa. Bila mhuri huo hukuandika. Kifungu cha 42 cha Katiba kinakupa haki ya mazingira safi, na kifungu cha 70 kinakuruhusu kwenda mahakamani hata kama hujaumia wewe mwenyewe. Majirani zako wa Owino Uhuru walikwenda Mahakama ya Mazingira na Ardhi hapa Mombasa kwa sababu ya sumu ya madini ya risasi, wakapewa fidia ya shilingi bilioni 1.3 mwezi Julai 2020, na rufaa zikaifikisha kesi hadi Mahakama ya Juu. Ilichukua miaka mingi. Anza na mhuri.

SWALI: Mimi mvuvi wa mtumbwi, natokea Bamburi. Marehemu babangu alikuwa akivua pale palipogeuzwa hifadhi. Sasa BMU yetu, kile chama cha wavuvi cha kusimamia ufuo, inazungumzia kufunga kipande kingine kisivuliwe, eti tengefu. Samaki ana mapezi, hajui mpaka. Kufunga kipande kidogo kunamsaidia nani kama si watalii? (Mvuvi, Bamburi)

JIBU: Ndugu yangu, maneno yako yana mambo mawili, na moja sitakupinga. Hifadhi ya Bahari ya Mombasa ilipotangazwa mwaka 1986, kilomita 10 za mraba zilifungwa kabisa, na zile takriban 200 zinazoizunguka zikaachwa kwa uvuvi wa asili. Waliokuwa wakivua ndani walitolewa kwa amri iliyotoka mbali, na walioingia baadaye kwa tiketi walikuwa wageni. Uchungu wa babako ulikuwa na haki yake.

La pili ndilo nisilokubaliana nalo. Samaki ana mapezi, lakini tasi, changu na wengi wa matumbaweni hawaendi mbali. Huishi karibu na mwamba mmoja kama sisi tunavyoishi mtaa mmoja. Wakiachwa wanenepe hutaga zaidi, na si zaidi kidogo: jike mmoja mkubwa hutoa mayai mengi kuliko majike kadhaa wadogo waliojumlishwa uzito. Wanapojaa ndani, wengine hutoka nje. Kuna pia hesabu ya samaki aitwaye kikande. Yeye ndiye anayewala wale viumbe wa miba mirefu myeusi unaowakanyaga maji yakipwa, na alipovuliwa akaisha katika fuo nyingi za Kenya, wao waliongezeka wakautafuna mwamba ukabaki tambarare. Utafiti wa miaka mingi ulioongozwa na Tim McClanahan hapa pwani umelionyesha hilo kwa kulinganisha ndani ya hifadhi na nje.

Kufunga hakuponyi kila kitu. Mwaka 1998 maji yalipopata joto kupita kiasi, matumbawe yalipauka na kufa ndani ya hifadhi sawasawa na nje, kwa kuwa joto halikati tiketi. Wala tengefu haina maana ikiwa juya linaendelea kukokotwa nje yake, ilhali limepigwa marufuku tangu 2001.

Ila tofauti kati ya hifadhi ya babako na tengefu ya BMU ni nani anayeamua. Kuruwitu, kule Kilifi, wavuvi wenyewe walikaa wakafunga hekta kama 30 mwaka 2005, wakachagua mahali, wakaweka walinzi wao, na wakagombana sana kabla ya kukubaliana. Nenda kwenye mkutano wenu ukiwa na masharti: mahali pachaguliwe na wanaopajua, mwambao wa wavuvi wa miguu usifungwe wote, anayepoteza eneo lake la kutega atajwe kwa jina na apatiwe pengine, na hesabu ya samaki iandikwe kabla ya kufunga na kila baada ya miezi sita, mbele ya wanachama. Wakikataa masharti hayo, pinga.

Na kabla ya mkutano, amka alfajiri moja ya maji mafu upige kasia hadi kwenye mpaka wa kusini wa hifadhi. Utakuta malema yametegwa kwa mstari, yamesogezwa karibu na maboya kadiri mwenyewe anavyothubutu. Wenye malema hayo ni wavuvi kama wewe. Waulize wanapata nini pale ambacho hawakipati mbali zaidi.